Maji kwanza, sima nyuma

Maneno ya komite mbele ya mkutano wa wanachama, Pangi, mwisho wa kiangazi



Leo tunasema juu ya barza zetu. Wakati tulirudi, tulikuta nyumba zimelala chini. Tukajenga tena kwa matofali ya udongo, na chama kikatafuta sima: ya barza, na ya ule mkanda unaozunguka nyumba ili mvua isile mguu wa ukuta. Masika mawili tu yamepita. Barza nyingi zimepasuka, zingine zimeinama. Mama mmoja mjane alituuliza: «Ile sima mlinipa mimi, ama mliipa mvua?» Hatukuwa na jibu.

Tulizunguka parseli kwa parseli, tukatazama. Tuseme ukweli: sima haina kosa. Kosa ni letu, sisi wa komite, juu tuligawa mifuko bila kuuliza maji yatapita wapi.

Wandugu walio Ubelgiji na Kanada wanajua taabu ingine. Kule maji yanaingia ndani ya beto, baridi inayagandisha, yanavimba na kuipasua. Kwetu hakuna barafu, lakini adui ni yule yule. Hapa maji yanaiba toka chini. Yanaanguka toka kwenye mabati pahali pamoja kila siku, yanachimba shimo, yanapenya chini ya barza, yanabeba udongo. Sima inabaki inaning'inia. Siku moja mtoto anaruka juu yake, inavunjika.

Njo maana tunaomba mkutano ukubali haya, mbele mvua za mwezi wa tisa hazijakomaa:

1. Rigoli kwanza. Chimba mfereji chini ya ncha ya paa, pale matone yanaangukia, weka mawe ndani, uteremshe mpaka nje ya parseli. Si kwa jirani! Hakuna mfuko utatoka depo kama komite haijaona rigoli.

2. Chini pawe pagumu. Toa majani na mizizi, pigilia udongo, panga mawe. Barza iinamie nje, sentimita 2 kwa kila metre moja.

3. Kipimo ni ndoo 1 ya sima, 2 za mchanga safi, 3 za changarawe. Maji ya kuchanganya tu. Ikiwa kama uji, imeshapoteza nguvu. Barza ndefu muimwage vipande vipande, kisizidi metre 2, ili isijichagulie yenyewe pa kupasukia.

4. Ikishakamata, ifunike kwa majani ya ndizi na kuimwagia maji siku 7. Hapo wengi tulikosa: tulifikiri sima inatakiwa kukauka upesi. Hapana, inatakiwa kukomaa, na bila maji haikomai.

5. Kwa barza za zamani: jaza kwanza shimo la chini kwa mawe na udongo, pigilia sana. Halafu panua ufa, safisha, lowesha, ziba kwa sima 1 na mchanga 3. Ule ukijani unaoteleza, sugueni kwa ufagio na mchanga. Usikwangue kwa jembe, utatoboa ngozi ya sima. Na msiuache, juu wazee wetu wanaanguka pale.

Tunajua si kila mtu ana mikono ya kuchimba. Kwa hiyo salongo ya kila Jumamosi itaanza kwa wajane na wazee, na yule mama tuliyemtaja ni wa kwanza. Wenye nguvu watangojea zamu yao.

Kwa wafadhili: mnajua mfuko wa sima unatoka mbali mpaka Kindu, na toka Kindu mpaka huku barabara inaongeza bei yake. Masika haya hatuwaombi mfuko hata mmoja. Tunaomba majembe na buruweti. Iliyobaki depo tutaitumia kwa kutengeneza, na kitabu cha mifuko kiko wazi kwa kila mwanachama kukisoma.

Mwaka kesho, yule mama akituuliza tena, tunataka tuwe tumekaa naye juu ya barza yake, mvua ikinyesha.

Jumamosi, kila mtu na jembe lake.