Makro na Seli Zenye Rangi: Kazi ya Kuhamisha, si ya Kudumu

Lahajedwali nyingi za ofisini hubeba taarifa za aina mbili. Za kwanza zimeandikwa: majina, tarehe, namba za vocha, kiasi. Za pili zimepakwa: manjano kwa malipo yanayosubiri viambatisho, nyekundu kwa yaliyotiliwa shaka, kijani kwa yaliyokwisha kuhakikiwa, na pengine mstari uliopitishwa juu ya maneno kwa kilichofutwa bila kufutwa. Taarifa hizi zilizopakwa huanza kama alama za muda tu. Mwaka wa fedha unapofungwa ndizo zinazobeba uamuzi, na mkaguzi anauliza swali ambalo fomyula za kawaida haziliwezi: malipo yote ya manjano, jumla yake ni shilingi ngapi? Hapo ndipo makro, yaani programu fupi inayoendeshwa ndani ya lahajedwali, inapoitwa. Makala hii inaitetea makro hiyo kwa sharti moja: iandikwe ili kuitoa maana kwenye rangi na kuiweka kwenye safu, kisha kazi yake iishe. Makro inayoendeshwa kila mwezi kuhesabu rangi inaulea udhaifu uleule iliyopaswa kuuondoa.

Sababu ya fomyula kushindwa imo ndani ya faili lenyewe. Katika faili la Excel la aina ya xlsx, thamani ya seli huandikwa mahali pake, lakini mwonekano wake hutunzwa kwenye orodha tofauti ya mitindo; seli hubeba namba tu inayoelekeza kwenye orodha hiyo. SUM na COUNTIF husoma thamani na kuishia hapo. Hata CELL, ambayo ina kigezo kiitwacho «color», haisemi chochote kuhusu rangi iliyopakwa kwenye seli: inajibu tu kama seli imepangiwa kuonyesha namba hasi kwa rangi, jambo ambalo limewapotosha wengi. Zaidi ya hayo, kubadilisha rangi ya seli hakuifanyi Excel ikokotoe upya, wala hakuliamshi tukio la mabadiliko ambalo makro ingeweza kulisubiri. Mtu akitunga fomyula yake mwenyewe ya kujumlisha manjano, kisha mwenzake akafuta rangi kwenye seli kumi, jumla ya zamani itabaki pale pale ikionekana sahihi. Kosa lisilotoa ishara ni baya kuliko fomyula inayokataa kabisa.

Makro nayo ina mitego yake, na inafaa kuikawilia kidogo. Tangu toleo la 2002, Excel ina FindFormat, kifaa kinachoiwezesha amri ya Find kutafuta kwa mwonekano badala ya maandishi. Ni chepesi, lakini hukumbuka masharti ya utafutaji uliopita, kwa hiyo lazima kisafishwe kwanza. Na amri ya FindNext haizingatii sharti la mwonekano, kwa hiyo Find yenyewe irudiwe kila mara, ikianzia kwenye seli iliyopatikana, hadi anwani ya kwanza ijitokeze tena. Njia nyingine ni kupitia seli moja moja na kusoma Interior.Color, sifa inayobeba rangi iliyopakwa kwenye seli. Ni ya polepole kwenye karatasi kubwa, ila inasomeka na mtu mwingine anaweza kuikagua, na mimi ndiyo ninayoipendelea. Namba inayorudishwa hupatikana kwa kuchukua nyekundu, kuongeza kijani mara 256, kisha bluu mara 65,536. Manjano kamili ni 65535. Manjano iliyopauka kidogo, yenye bluu ya 153, ni 10092543. Kwa macho ya mtu anayefanya kazi saa kumi jioni, zote mbili ni manjano. Kwa makro ni rangi mbili zisizo na udugu. Hadi toleo la 2003 kitabu kilikuwa na rangi 56 tu za kuchagua; tangu 2007 zimepita milioni 16, na nafasi ya watu wawili kupaka «manjano» tofauti imeongezeka hivyo hivyo. Kisha kuna rangi zinazoletwa na umbizo la masharti, yaani kanuni inayoipaka seli kwa kufuata kilichomo, ambazo Interior.Color haizioni kabisa. Ili kuziona inahitajika sifa nyingine, DisplayFormat, iliyokuja na toleo la 2010, nayo haifanyi kazi ndani ya fomyula ya kutungwa inayoitwa kutoka kwenye seli.

Haya yote yangevumilika kama maana iliyopakwa ingekuwa salama mradi makro ipo. Haiko salama. Faili likihifadhiwa kama CSV ili liingizwe kwenye mfumo wa malipo, rangi zote hupotea na hakuna makro ya kuzirudisha. Mwaka 2008, benki ya Barclays ilipokuwa ikinunua sehemu ya mali za benki ya Lehman Brothers, orodha ya mikataba iliandaliwa kwenye lahajedwali ambamo mistari isiyotakiwa ilifichwa tu, haikuondolewa. Orodha ilipogeuzwa kuwa PDF, mistari ile ilijitokeza, na mikataba 179 ikaingia kwenye ununuzi bila kukusudiwa. Kuficha mstari ni mwonekano, kama rangi ilivyo. Uamuzi wa kutonunua ulikaa kwenye mwonekano, na mwonekano haukusafiri. Karl Broman na Kara Woo, katika makala yao ya 2018 kuhusu upangaji wa data kwenye lahajedwali, wanashauri waziwazi kwamba rangi isitumike kama data, bali iongezwe safu inayosema kile ambacho rangi ingesema.

Wapo watakaosema kwamba tangu 2007 Excel huchuja kwa rangi bila makro yoyote, na SUBTOTAL yenye namba 109 hutoa jumla ya kilichobaki. Ni kweli, na kwa swali la leo la mtu mmoja inatosha. Lakini jibu hilo halibaki popote, na safu moja haichujwi kwa rangi mbili kwa mpigo. Wengine watatetea jicho: rangi huonekana haraka kuliko neno. Nakubali, na sipendekezi karatasi nyeupe tupu. Ninachopendekeza ni kugeuza mwelekeo: neno «inasubiri» liandikwe kwenye safu ya hali, kwa orodha ya kuchagua ili kila mtu aliandike vilevile, na umbizo la masharti liipake seli manjano kwa kulifuata neno hilo. Jicho halipotezi kitu. Na mwenzetu asiyetofautisha nyekundu na kijani, hali inayokadiriwa kumpata mwanamume mmoja kati ya wanaume 12 wenye asili ya Ulaya na isiyokosekana kwetu, naye anasoma neno. Kuhusu usalama, tangu 2022 Microsoft huzuia makro za mafaili yanayotoka intaneti. Kwa makro ya kila mwezi inayotumwa kwa barua pepe huo ni usumbufu wa kudumu, kwa makro ya mara moja kwenye kompyuta ya mwenye faili si tatizo.

Pingamizi zito ni jingine: makro inaona kwamba seli ni manjano, haijui kwa nini. Kwa hiyo hatua ya kwanza isiwe kutafsiri. Makro iandike tu, kwenye safu mpya, namba ya rangi ya kila mstari, kisha itoe orodha ya namba zote zilizopatikana na idadi ya seli za kila moja. Orodha hiyo apelekewe aliyepaka, angali ofisini, aeleze kila namba ilimaanisha nini na zipi zilikuwa rangi moja machoni pake. Ikiwa amekwisha kuhama na hakuna anayejua, safu ya hali iandikwe «rangi 65535, maana haijulikani», na malipo hayo yahakikiwe upya kwa vocha zake.