Masomo ya bure yasibakie kwenye karatasi



Hatukukuja kutukana mutu. Tumekuja kukumbusha sheria. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima, tena ni bure kwenye shule za serikali. Hiyo si zawadi ya kiongozi, ni deni. Na deni lilingoja miaka 13, mpaka Septemba 2019, ndipo serikali ikaanza kulilipa.

Watoto wengi waliingia darasani, na tulifurahi. Lakini walimu je? Munajua wote kama kuna walimu wanafundisha kila siku, na majina yao hayako kwenye listi ya mishahara. Njaa haisomi Katiba. Mwalimu asipolipwa na serikali, atalipwa na muzazi. Leo ni makuta ya chaki, kesho makuta ya mitihani. Jina limebadilika tu, mtoto anafukuzwa vilevile.

Na nani anafukuzwa wa kwanza? Ni mtoto wa baba anayekanyaga toleka tangu asubuhi, mtoto wa mama anayeuza sombe. Ni mtoto ambaye familia yake ilikimbia magomvi ya Wambole na Walengola tangu 2023, nyumba ikaungua, na karatasi zake za shule zikaungua pamoja.

Majirani walipita njia hii mbele yetu: Uganda 1997, Kenya 2003. Kule pia madarasa yalifurika. Kufungua mlango ni mwanzo tu. Ndani kunatakiwa mbao za kukalia na mwalimu aliyekula.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu:

1. Serikali ilipe kila mwalimu anayefundisha kweli.
2. Kila shule ya msingi ya serikali ibandike mlangoni kwamba masomo ni bure, pamoja na hesabu ya pesa inazopokea.
3. Watoto waliokimbia vita wapokelewe bila kuulizwa karatasi.

Na sisi wazazi na vijana, wakiomba makuta, tuombe risiti. Tuandike tarehe, kiasi na sababu, halafu tupeleke hayo kwa wakubwa wa elimu, kwa amani, bila jiwe mkononi. Tusimupige mwalimu vita, naye amenyimwa haki yake.

Mtoto aliyekaa nyumbani mwaka huu, mwaka huo haurudi. Ndiyo maana hatutanyamaza.