Kamba Moja, Watu Wawili

Hotuba ya majirani kutoka Suji katika maadhimisho ya hekalu



Mmetuomba tuseme machache kumkumbuka mtu mwenye ulemavu aliyependa michezo, ili maneno hayo yaingie katika kitabu hiki. Tulilijadili jambo hilo garini, tangu Suji mpaka Makanya, na barabara ile mnajua ilivyo: kona zake zinatosha mjadala mrefu. Tukakubaliana tumzungumzie mtu ambaye huenda wengi wenu hamjapata kumsikia, ingawa mlima aliouanzia safari yake mnauona kutoka tambarare za Same, asubuhi isiyokuwa na mawingu. Jina lake ni Tofiri Kibuuka, mzaliwa wa Uganda, asiyeona.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana saba wasioona kutoka Kenya, Uganda na Tanzania walipanda Mlima Kilimanjaro. Safari ile iliandaliwa na chama cha kuwasaidia wasioona cha Jumuiya ya Madola, ambacho kiongozi wake, Sir John Wilson, alikuwa mwenyewe amepoteza macho tangu utotoni. Kibuuka alikuwa mmoja wa wale saba.

Sisi tuliozaliwa milimani tunalisikia neno hilo kwa namna yetu. Shengena, kilele cha milima yetu ya Upare, kina mita zipatazo 2,460, nacho hutuhemesha. Kilimanjaro ina mita 5,895. Mtu anaweza kuuliza: asiyeona anapanda ili aone nini? Lakini mpagazi yeyote atawaambia kwamba wapandaji wengi huianza sehemu ya mwisho usiku wa manane, changarawe ikiwa imeshikwa na baridi, na saa hizo mwenye macho naye haoni ila visigino vya aliye mbele yake. Anasikia hatua, anapima pumzi, anaamini sauti. Kwa saa kadhaa watu wote wa mlima huwa wanafunzi wa somo ambalo asiyeona amelihitimu zamani.

Kibuuka hakuishia hapo. Kule Norway alikuwako mwanamuziki asiyeona, Erling Stordahl, ambaye mwaka 1964 alianzisha mbio za kuteleza juu ya theluji kwa ajili ya wasioona, katika kijiji cha milimani kiitwacho Beitostølen. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kibuuka alifika huko. Tafadhali mfikirieni kijana wa Uganda, nchi ya migomba na mvua ya moto, akifungiwa mbao mbili ndefu miguuni, theluji mbele yake, baridi isiyo na huruma, na macho hayaoni. Alijifunza. Mwezi Februari 1976, Michezo ya Paralimpiki ya majira ya baridi ilipofanyika kwa mara ya kwanza, katika mji wa Örnsköldsvik huko Sweden, bara zima la Afrika lilikuwa na mshindani mmoja tu, naye ni huyu. Aliivalia Uganda tena mwaka 1980 huko Geilo. Baadaye alifanya makazi Norway, akaishindania nchi hiyo, na katika mbio za miguu akaipatia medali za Paralimpiki.

Katika theluji ile ya Sweden hakupata medali. Tunalitaja makusudi, kwa sababu watu wamezoea kumpenda mtu mwenye ulemavu pale tu anaposhinda. Akishindwa wanamhurumia, na akicheza kwa furaha tu, bila kombe wala nishani, hawajui wamweke wapi. Kibuuka aliteleza kwa kuwa alipenda kuteleza. Hiyo ni sababu tosha kwa mchezaji yeyote mwenye miguu na macho. Kwa nini isimtoshe yeye?

Hapo ndipo tunapotaka kumtaja wa pili, jirani wa karibu zaidi: Henry Wanyoike wa Kikuyu, Kenya, aliyezaliwa mwaka 1974. Alikuwa mkimbiaji kijana mwenye macho mazima. Usiku mmoja wa mwaka 1995 alilala akiona, akaamka katika giza. Alikuwa amepata kiharusi. Alipelekwa kujifunza kufuma sweta, kazi ya heshima, nasi hatuidharau, lakini miguu yake haikuwa imesahau. Mwaka 2000 alikwenda Sydney kukimbia mita 5,000.

Wakimbiaji wasioona hukimbia na mwongozaji, wameunganishwa kwa kamba fupi mikononi. Kanuni ni kali: mwongozaji haruhusiwi kumvuta mwenzake, na asiyeona ndiye anayepaswa kuutangulia mstari wa mwisho. Siku ile mwongozaji wa Wanyoike hakuwa mzima wa afya, na mbio zilipokuwa zikielekea mwisho nguvu zilimwishia kabisa. Aliyeongozwa akamvuta kiongozi. Wakaufikia mstari hivyo, mmoja akimburura mwenzake, na dhahabu ikawa yao. Kisha Wanyoike akakimbia miaka mingi na rafiki yake wa utotoni, Joseph Kibunja; mwaka 2004 huko Athens akatwaa dhahabu mbili, mita 5,000 na mita 10,000.

Tumeirudia habari ya Sydney kwa vijana wetu mara nyingi, na kila mara yuko anayeuliza: sasa pale kipofu alikuwa nani? Hatujawahi kumjibu, maana swali lake ni zuri kuliko jibu letu.

Ninyi wenyeji wetu mnazo simulizi za kale kuliko hizi. Mnamjua Ashtavakra, mwenye viungo vilivyopinda mahali nane, ambaye katika simulizi maarufu watu wa baraza la Mfalme Janaka walimcheka alipoingia, na jinsi kicheko kilivyowageukia. Na katika dua isomwayo kabla ya Gita mnautaja mlima pamoja na mtu asiyeweza kutembea. Sisi wengi wetu ni Wasabato, tumelelewa na Biblia, lakini tuliposimuliwa habari hizo hatukuhisi kwamba tumeingia nyumba ya ugenini.

Sasa tuseme la kwetu. Suji ni mahali pa miteremko. Nyumba moja iko juu, ya jirani iko chini, na kati yake ni njia ya mguu mmoja, yenye mawe, ambayo mvua huihamisha kila mwaka. Mtoto asiyeona, au mwenye miguu isiyomtii, hukaa kibarazani. Wazazi wake hawamfichi kwa ubaya, wanaogopa korongo. Jioni anausikia mpira uwanjani, anazijua sauti za wachezaji wote, anajua nani amefunga kabla hajaambiwa. Mchezo wote anao kichwani, ila hajawahi kuukanyaga uwanja. Watu wazima wa namna hiyo tunao pia, na wamezeeka hapo hapo kibarazani. Hilo ndilo linalotuuma tunapomsifu mtu wa Uganda aliyeteleza juu ya theluji.

Njia tunaweza kuzitengeneza wenyewe. Upareni tuna msaragambo: ikitangazwa siku, kila kaya hutoa mtu na jembe. Kwa miguu ya bandia na magongo, Moshi si mbali. Katika hospitali ya KCMC kiko chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu mwaka 1981. Mpira wenye kengele ndani, ambao wasioona huucheza watatu kwa watatu, macho yote yamefunikwa na watazamaji wamenyamaza kimya, hauhitaji nyasi wala taa. Unahitaji sakafu sawa na watazamaji wenye adabu. Hawa wa pili watakuwa kazi ngumu zaidi kuwapata, kwa jinsi tunavyopenda kelele.

Tusichoweza kukitoa peke yetu ni waongozaji. Vijana wetu wakimaliza shule hushuka kwenda mjini, na mkono wa kushika upande wa pili wa kamba haupatikani. Ndiyo maana hatukuja kuomba fedha katika siku yenu hii ya furaha. Tunaomba vijana wa hekalu hili, wavulana kwa wasichana, wapande Suji Jumapili moja kila mwezi. Jumamosi msijisumbue, mtaukuta uwanja mtupu, nasi tuko kanisani. Waje na viatu vya kukimbilia. Kamba tutazisokota wenyewe, fupi, zenye kitanzi kila upande, na watoto wa kukimbia nao tumekwisha kuzungumza na wazazi wao.