WALIOREJEA KUTOKA SHIMONI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Tawi, Pemba. Tunaichapa kwa maombi ya wengi waliokosa kuisikia.)



Kamati imeniamrisha nizungumze juu ya watu waliohama visiwa hivi kisha wakarejea, na juu ya wajibu wetu kwao. Nimeitikia amri hiyo kwa uzito kidogo, kwani ukweli wa jambo hili hautotupendeza sote, na nyinyi hamkuniita hapa nije nikusifuni.

Tuanze na yanayojulikana. Tarehe 27 Januari 2001 watu wa Pemba na Unguja walitoka kwa maandamano kudai uchaguzi wa Oktoba 2000 urejewe na Katiba ibadilishwe. Polisi wakawapiga risasi. Tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu watu 31 waliokufa. Waliohesabu nje ya Serikali walipata zaidi. Katika siku zilizofuata, milango ikivunjwa usiku na wanaume wakisakwa, zaidi ya watu 2,000 walipanda mashua wakavuka bahari mpaka Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya.

Nasema "wakavuka" kana kwamba ni jambo jepesi. Wavuvi wetu wanaijua njia ile tangu enzi za babu zao, maana huenda dago Shimoni, Wasini, na mbali kuliko huko, wakakaa miezi kisha wakarudi na fedha na khabari. Lakini anayekwenda dago huaga. Huacha chakula ndani, humuachia ndugu yake ufunguo wa sanduku, hutengeneza tanga lake mchana watu wakimuona. Hawa hawakumuaga mtu, na ndani ya mashua mlikuwa na wanawake na watoto wachanga mahali pa nyavu.

Watu wa Shimoni waliwapokea vizuri, na haki yao lazima tuitaje. Wavumba, Wadigo na Wasegeju wa pwani ile ni wenzetu kwa lugha, kwa dini, na aghlabu kwa damu. Baadaye Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likawahamishia wengi wao Dadaab, karibu na mpaka wa Somalia. Hebu fikirini, mtu wa Micheweni aliyezaliwa akisikia mawimbi anapelekwa kulala katika mchanga usio na bahari!

Wengi walirejea kabla ya mwaka ule kwisha. Tarehe 10 Oktoba 2001 vyama viwili vikatia saini Muafaka, na Muafaka ule ulizungumzia fidia kwa walioathirika. Lakini wako ambao hawakuamini, wakasonga mbele zaidi mpaka Mogadishu, katika nchi ambayo yenyewe ilikuwa vitani. Kikundi cha mwisho cha hao kilirejeshwa Zanzibar kwa ndege mwaka 2012. Zaidi ya miaka kumi na moja! Mtoto aliyezaliwa huko alishuka uwanja wa ndege akiwa na umri wa skuli, akaambiwa: hapa ndipo kwenu.

Bwana Mwenyekiti, sheria za mataifa husema kwamba kurejea kwa mkimbizi kuwe kwa khiari, kwa salama na kwa heshima. Maneno mazuri haya. Tena husema kwamba mkimbizi akikubali tena ulinzi wa Serikali yake, basi ukimbizi wake umekwisha. Hapo ndipo penye shida. Siku anaposhuka chomboni, wale waliompa turubai na unga hufunga daftari lao. Naye huingia katika daftari letu, ikiwa sisi tunalo.

Anakuta nini? Tusiseme juu ya nyumba, kwani nyumba ya udongo isiyokaliwa misimu miwili kila mtu anajua inavyokuwa. Tuseme juu ya mikarafuu. Katika visiwa hivi mti na ardhi aghlabu si mali ya mtu mmoja: shamba laweza kuwa la huyu na mikarafuu ya yule, na mikarafuu hiyo hiyo ikawa imewekwa rahani kwa wa tatu. Mwenye mali akiwepo, mambo haya huendeshwa kwa mdomo, na mdomo unatosha. Akiondoka, mdomo wake umeondoka naye. Mimi nalimuona mzee mmoja amesimama chini ya mikarafuu aliyoipanda kwa mkono wake, na jamvi la kuanikia ni la mtu mwengine. Hakugombana. Aliuliza tu ikiwa mwaka ule karafuu ni nyingi. Na mkarafuu mnaujua: akipanda mche leo atangoja miaka sita, saba au minane kabla ya kuchuma kikonyo cha kwanza. Mtu mwenye miaka sitini anaambiwa aanze upya na mti kama huo!

Mvuvi hali yake si bora. Mashua iliyomvusha ilikuwa ya ushirika wa watu watano, wawili wamebaki Shimoni, na chombo wamekiuza huko ili wale. Nani wa kudaiwa? Tena kwa sheria ipi?

Baada ya hayo kuna karatasi. Katika uchaguzi wa 2005 sheria ilimtaka mpiga kura awe amekaa jimboni miezi 36 mfululizo. Askari au mtumishi wa Serikali aliyehamishwa alikuwa na barua ya kumtetea. Aliyekimbia kwa mashua usiku hana cheti cha uhamisho. Basi huenda kwa sheha, na sheha humuuliza alikuwa wapi. Akisema kweli, amejitia katika kundi lisilopendwa. Akisema uongo, amesema uongo mbele ya watu wanaomjua tangu utoto. Sisemi masheha wote ni wabaya. Nasema haifai haki ya raia itegemee tabia ya mtu mmoja aliyekaa kibarazani.

Mpaka hapa nyote mmenipigia makofi, kwa kuwa lawama imekwenda kwa wengine. Sasa nitakuleteeni yetu.

Walipokuwa Shimoni, tuliwataja katika kila mkutano. Waliporejea tuliwapandisha jukwaani, tukawaambia waseme, na watu wakalia, na kadi zikauzwa. Kisha jukwaa likavunjwa na mbao zikarudishwa kwa mwenyewe, nao wakarudi kwa miguu katika nyumba zisizo na paa. Nani kati yetu alikwenda wiki ya pili kuuliza wamekula nini? Wako waliokwenda, nawajua, nao hawazidi vidole vya mikono hii miwili. Aghlabu ni wanawake, wala hakuna hata mmoja wao aliyepewa cheo. Mjane aliyekimbia na wanawe watatu alinambia neno ambalo mpaka leo sijalipatia jibu: "Mwanangu, nyinyi mlitupenda tulipokuwa mbali."

Wengine watasema hayo ni ya zamani. Ya zamani kwa nani? Hivi sasa mabinti zetu wanakwenda Maskati na Dubai kufanya kazi za nyumbani. Wengine hupata mabwana wema wakajenga. Wengine, kwa utaratibu ule uitwao kafala, hukaa chini ya mkono wa mwajiri, pasi zao zikafungiwa kabatini kinyume cha sheria, mishahara ikapunguzwa au isilipwe. Binti wa namna hiyo akirudi mikono mitupu, mtaa humuuliza jambo moja tu: umeleta nini? Basi hujificha kwa khala yake Wete, kama kwamba yeye ndiye aliyekosa. Huyu naye amerejea. Hakupigwa risasi, lakini mlango wetu kwake umefungwa vile vile.

Na tusidhani kwamba kila aliyeondoka ni lazima arudi. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba wanaoishi pwani yake kuwa raia, baada ya baadhi yao kukaa huko vizazi na vizazi bila ya kitambulisho. Nawapongeza kwa dhati. Mtu aliyepata kwao kwengine asiitwe msaliti katika barza zetu, maana nimesikia yakisemwa.

Maombi yangu kwa Tawi ni machache, wala hayahitaji fedha za wafadhili. Kwanza, tuwe na daftari la waliorejea: jina, mahali alipotoka, mali aliyoiacha, na mashahidi walio hai wanaoijua. Wazee wanaokumbuka mikarafuu ipi ni ya nani wanatutoka kila mwaka, na kila jeneza linabeba hati moja. Pili, mtu asiende kwa sheha peke yake. Wanachama wawili wamfuate, wakae kimya, waandike tarehe na jibu alilopewa. Tatu, robo ya ada ya Tawi hili iwekwe kwa mbegu, misumari na nyuzi za kushonea nyavu, atakayekopeshwa arejeshe baada ya msimu, asiulizwe kadi ya chama gani anayo. Hili la mwisho najua litaleta maneno. Yaleteni, niko tayari kujibu. Lakini mashua za 2001 hazikuuliza kadi.

Daftari nimelinunua mwenyewe, liko mezani mbele ya Bwana Katibu. Jina la kwanza ni la yule mzee wa mikarafuu. Tayari amepata shahidi mmoja, na anatafuta wa pili, mtu aliyechuma katika shamba lake msimu wowote kabla ya 2001. Ikiwa yumo humu, au mnamjua, asiondoke kabla ya kuniona.