Mapambo: Ndama au Hema?

Wapendwa wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili wetu,

Huku Karatu na Ngorongoro bado tunaulizwa: je, mama avue shanga ndipo aingie kanisani? Wengine hutaja 1 Petro 3. Lakini mstari ule ule unataja na mavazi, wala hakuna anayetuambia tusivae nguo. Petro alitaka uzuri wa moyo utangulie.

Rebeka alipewa pete na vikuku vya dhahabu akiposwa. Mwana mpotevu alivikwa pete, akajulikana ni mwana tena. Katika Kutoka 32 hereni ziliyeyushwa zikawa ndama. Katika Kutoka 35 hereni za namna hiyo zilitolewa kujenga Hema la Bwana. Dhahabu ni ile ile, mioyo ilitofautiana.

Shanga za Kimasai nazo husema: nyeupe ni usafi na maziwa, buluu ni mbingu, kijani ni majani ya mifugo. Mama wa Kiiraqw naye alizishonea sketi yake ya ngozi. Kumvua mama shanga ni kumvua heshima ya nyumba yake.

Wajumbe, msimzuie mlangoni. Wafadhili, mnunuapo shanga, ulizeni aliyezitunga amelipwa kiasi gani.