Aliyeipita Njia: Undani wa Dibaga Pale Mwongozo Unapochakaa



Ipo rai inayoninyima usingizi: kwamba mwongozo wa dibaga, yaani programu ya kusaka makosa ndani ya programu nyingine, ukichakaa, mwanafunzi aufunge na kusubiri mpya, kwa kuwa undani wa dibaga ni wa walioiunda. Asubiri mpaka lini? Mwongozo wa undani wa dibaga iitwayo GDB, ulioanzishwa na John Gilmore, uliachwa nyuma na programu yenyewe hata watunzaji wakautoa kwenye furushi la msimbo. Tena rai hiyo huifanya karatasi kuwa chimbuko la maarifa, ilhali karatasi ni ushahidi wa mtu aliyeona siku fulani, katika toleo fulani.

Likizo moja nilikuwa nyumbani Choma, wilayani Igunga, nikiandika dibaga ndogo ya kufundishia. Intaneti haikuwepo, nilikuwa na kitabu kimoja cha zamani. Kilieleza mnayoyajua: katika prosesa za x86, dibaga hutega kituo kwa kugeuza baiti ya kwanza ya agizo kuwa 0xCC, programu ikiikanyaga, hunaswa. Dibaga huirudisha rejista ya agizo nyuma baiti moja, hurejesha baiti ya asili, hupita hatua moja, kisha hutega upya. Kikaongeza kwamba kwenye Linux baiti hiyo huandikwa kwa wito wa ptrace, neno zima kwa mara moja.

Nikaiweka GDB yenyewe chini ya strace, chombo cha kufuatilia miito ya mfumo, nikautafuta wito huo wa kuandika. Haukuwepo. Ptrace ilikuwepo, ikisimamisha na kuruhusu programu kuendelea; lakini mtego ulipitia pwrite64, kwenye faili la kumbukumbu ya programu, /proc/PID/mem. Baiti moja tu, nayo strace iliionyesha kama \314, ambayo ndiyo 0xCC kwa hesabu ya nane. Nimesoma vitabu vingi, lakini hakuna ukurasa ulionifundisha kama mstari ule mmoja. Kitabu kilisema kweli kuhusu mtego. Njia ndiyo iliyohama.

Njia ya misafara ya kwetu Tabora inalijua jambo hili: maelezo ya zamani huwa na ukweli ndani yake, lakini hupimwa kwa macho. Wapelelezi Burton na Speke walifika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857. Ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann ilikuwa imechora bara likiwa na ziwa moja kubwa ajabu. Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu wa Kazeh, akawaambia kuwa ni maziwa matatu mbalimbali. Mwaka 1858 Speke akaelekea kaskazini, akaliona la Ukerewe, Victoria ya leo, kwa macho yake. Hata hivyo ramani ile ilitokana na maneno ya wasafiri, yaliyokusanywa pwani. Maji yalikuwepo, kosa lilikuwa kuyaunganisha.

Kwa hiyo siwaambii mtupe miongozo mikongwe. Strace huonyesha programu inachouomba mfumo. Haisemi kwa nini. Sababu mara nyingi imo katika mwongozo uleule uliochakaa na katika historia ya msimbo. Nimeyapima yote hayo, na bado nashikilia: shahidi wa kwanza ni programu inayotembea.

Kitabu kile cha Choma ninacho hadi leo. Mstari wa ptrace sikuufuta. Pembeni yake niliandika toleo la GDB, tarehe, na nilichokiona, ili atakayekifungua baada yangu ajue pa kuanzia kutazama.