Uvimbe Mkubwa Kwenye Mfuko wa Uzazi: Ni Upasuaji Gani Unaofaa?

Mazungumzo ya afya kwa wakazi, ya kusomwa katika mabaraza na kliniki



Mada ya leo ni faibroidi, yaani uvimbe unaoota kwenye mfuko wa uzazi. Wanawake wengi huwa nao kabla ya kufika miaka 50, na wengi wao hawajui kwa sababu hauwasumbui. Ni nadra sana uvimbe huu kuwa saratani.

Shida huanza unapokua. Hedhi huwa nzito na huchukua siku nyingi, mkojo hubana kila mara, choo huwa kigumu, na tumbo hujaa hadi majirani wakauliza mimba ina miezi mingapi. Daktari naye hupima ukubwa kwa wiki za ujauzito: mfuko wa uzazi uliofika kitovuni husemwa una wiki 20.

Mwanamke akifikia hapo, mara nyingi husikia jambo moja tu: atatolewa kizazi. Kwa hofu hiyo wengine hukaa nyumbani wakinywa dawa za miti shamba, huku damu ikizidi kupungua mwilini. Ukweli ni kwamba ukubwa pekee hauamui. Daktari huangalia pia uvimbe uko sehemu gani, ni mmoja au ni mwingi, umri wa mwanamke, na kama bado anataka kuzaa.

Njia ya kwanza ni kutoa uvimbe na kuacha mfuko wa uzazi. Uvimbe ukiwa mkubwa au mwingi, kwa kawaida tumbo hufunguliwa, ama kwa mkato wa kukingama chini ya tumbo, ama kwa mkato wa wima kutoka karibu na kitovu. Mwanamke hulazwa siku chache, na kupona huchukua wiki 4 hadi 6. Anaweza kushika mimba baadaye, lakini ajue mambo mawili. Uvimbe mwingine unaweza kuota. Pia kovu la kina kwenye mfuko wa uzazi linaweza kupasuka wakati wa uchungu, kwa hiyo mara nyingi hushauriwa kujifungua kwa upasuaji. Karatasi ya hospitali inayoeleza alivyopasuliwa aitunze, na aionyeshe kliniki ya wajawazito.

Njia ya pili ni upasuaji wa matundu madogo kwa kamera, uitwao laparoskopi. Maumivu ni machache na kupona ni haraka. Hata hivyo, unahitaji vifaa maalum na daktari mwenye uzoefu, na uvimbe mkubwa hauwezi kupita kwenye tundu bila kukatwa vipande. Mwaka wa 2014, mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba kuukatakata kwa mashine ndani ya tumbo kunaweza kusambaza saratani iliyojificha. Kuna pia kifaa kinachopitishwa ukeni hadi ndani ya mfuko wa uzazi, lakini hicho hufaa uvimbe mdogo uliochomoza kwa ndani.

Njia ya tatu ni kutoa mfuko wote wa uzazi. Hufikiriwa zaidi kwa aliyemaliza kuzaa, au uvimbe ukiwa mwingi kupita kiasi. Hedhi hukoma na uvimbe haurudi, lakini mimba haiwezekani tena. Ovari zikiachwa, homoni huendelea kutengenezwa. Kupona huchukua wiki 6 hadi 8. Uke wake hubaki, na baada ya kupona anaweza kurudi kwenye maisha ya ndoa.

Katika upasuaji wa uvimbe mkubwa, hatari inayoogopwa zaidi ni kutokwa na damu. Ndiyo maana damu hupimwa mapema, vidonge vya madini ya chuma hutolewa, na wengine hudungwa sindano ya kupunguza uvimbe kabla ya upasuaji. Familia inaweza kusaidia kwa kuchangia damu.

Kabla ya kutia sahihi, mwanamke aulize: Mfuko wa uzazi utabaki? Damu ikikataa kukoma, daktari atafanya nini? Wakati mwingine kuutoa ndiyo njia pekee ya kuokoa maisha, na jambo hilo lizungumzwe mapema, si mgonjwa azinduke akiambiwa. Ushauri wa mume na wazazi una nafasi yake, lakini uamuzi na sahihi ni vya mwanamke mwenyewe.

Safari huanzia kituo cha afya kilicho karibu. Huko mgonjwa hupimwa, huelekezwa kwenye picha ya ultrasaundi, na hupewa barua ya rufaa kwa daktari bingwa. Tangu Oktoba 1, 2024, SHA imechukua nafasi ya NHIF. Wakazi wajisajili kwa kubonyeza *147# na kulipa michango mapema, kisha waulize hospitali ni gharama gani italipiwa.

Anayelowesha pedi kila saa, anayeona kizunguzungu au kuzimia, aende hospitali mara moja bila kungoja siku ya kliniki. Aliyekoma hedhi kisha akatokwa na damu tena, naye achunguzwe bila kukawia.

Atakayetoka hapa ampelekee habari hii dada, mama au jirani anayeumia kimya.